Mahali na Mahari

…herufi moja! Maggie, herufi moja tu, haki ya Mungu, na Firdaus alikuwa afutwe kazi kesho! Si wizi, si wivu, si dadake, si mtu wa Majengo. Herufi! Na unajua nani aliiandika? Ngoja. Ngoja nivue viatu kwanza. Wewe endelea kukata hiyo sukuma, lakini masikio nipee mimi.

Najua tangu Jumanne nimekuwa nikirudi hapa Kiuu nimenyamaza kama mtu amefiwa, na ukiniuliza nasema ni kazi. Sasa ndio hiyo kazi.

Unaijua ofisi yetu Thika, pale juu ya duka ya mbolea. Mr. Githae ako na ile kompyuta kwa kona, ile haizimwi hata Krismasi. Hiyo ndio seva. Watu wakisema wako kwa intaneti na Githae, hapo ndipo wako, wateja ishirini na tatu ndani ya kompyuta moja. Kuna shule ya udereva, kuna mwenye kuuza miche, kuna kanisa mbili ambazo hazisalimiani. Kila mtu na folda yake, na folda imeitwa jina la biashara yake.

Fikiria hii ploti yetu. Rumu ishirini na tatu, geti moja. Sasa mtu ako Boston huko, anaona ukurasa wa mteja wetu, anajaza fomu: jina langu ni fulani, nataka hiki na kile. Hiyo fomu itaingia aje kwa rumu ya mwenyewe? Kuna kaprogramu kanaibeba, kanaitwa skripti. Kila mteja ako na kake. Lakini shida ni hii, skripti zote kwa seva yetu zilikuwa zinafanya kazi na jina moja. Jina lenyewe ni nobody, yaani si mtu yeyote. Usicheke! Ndio jina lake duniani kote, sio sisi tulimpa. Basi huyo nobody ni kama keateka, yule mtunza ploti, anayetumwa na wapangaji wote. Leo anabebea huyu, kesho yule, na ukimwuliza umetumwa na nani, hana jibu. Na ndio aweze kuingia kila rumu, inabidi kila mtu aache mlango wazi.

Wazi kwa nani? Kwa kila mtu! Kwa kompyuta ukitaka folda iwe wazi kabisa unaandika saba mara tatu. Kwa ofisi tulikuwa tunaita kupiga saba tatu. Mteja anapiga simu, fomu yangu imekataa, Githae hata hainui kichwa kwa gazeti.

"Wamboi, mpigie saba tatu."

Napiga, fomu inaingia, simu inanyamaza, tunarudi kwa chai. Chuoni walikuwa wametuambia hiyo ni tabia mbaya. Nilipata A kwa hiyo karatasi, Maggie. Halafu nikaajiriwa na nikaanza kuifanya kila siku.

Sasa kuna huyu Madam Idah wa Ruiru. Anapanga harusi. Gauni, tenti, keki, mpaka wazee wa kwenda ruracio, kupeleka mahari, kama hauna wa kwenu. Biashara yake inaitwa Mahari. Wateja wake wengi ni wasichana wako nje, wanataka kukuja Disemba wapate kila kitu tayari. Wanajaza fomu, majina yao yanaingia kwa faili moja inaitwa orodha. Jumatatu asubuhi hiyo orodha ilikuwa na bibi harusi arobaini na mmoja. Jumatatu jioni Madam Idah akafungua, akapata sufuri. Faili iko, imekaa hapo, lakini ndani ni kama sahani imelambwa.

Jumanne akakuja mwenyewe. Alipanda zile ngazi na kofia ya kanisa, na haikuwa Jumapili. Hakusalimia.

"Githae, nani hapa ako na paswadi yangu?"

Githae akaniangalia. Mimi nikaangalia meza. Firdaus, kwa sababu hana cha kuficha, akainua mkono kama mtu yuko darasani.

"Ni mimi, madam. Mimi ndiye hubadilisha picha zako. Hata jana nimeingia saa nne, nikaweka lile gauni la mikono mirefu."

"Saa nne," Madam Idah akasema. "Na wewe si ndiye dadako ni huyo Khamisa anayepamba maharusi huko Majengo?"

"Ndio, ni dadangu."

"Basi."

Basi tu! Hakuongeza kitu. Akakaa. Maggie, hiyo "basi" ilijaza ofisi yote. Yaani Firdaus amebebea dadake wateja. Githae akaenda kwa seva, akauliza faili iliguswa lini, ikamwambia Jumatatu, saa nne na dakika kumi na mbili. Na Firdaus alikuwa ndani na paswadi saa nne. Wewe ungesema nini? Hata mimi, nitakuambia ukweli, hata mimi kwa dakika moja niliwaza, kwani ni yeye kweli?

Githae hakupiga kelele. Unajua vile ako, akikasirika anaongea chini zaidi. Alimwambia Madam Idah atapata majina yake, kuna kanda ya Jumamosi ambayo tunahifadhi kila kitu, na kweli thelathini na nane yalitoka hapo. Matatu ndio yalikuwa ya Jumapili, hayo yameenda. Halafu akamwambia Firdaus,

"Mpaka Ijumaa. Kama hatutakuwa na maelezo mengine, nitakuandikia barua. Sitaki, lakini nitaandika."

Firdaus akasema "Sawa, Mr. Githae," akarudi kwa meza yake, akaendelea kutaipu. Sikuona akilia. Ile tu kitu niliona, alikuwa akitaipu bila kuangalia skrini, anaangalia dirisha, na hakukosea hata neno moja.

Wakati wa lunch nikamfuata nje. Tukakaa kwa zile ngazi, mimi na chapati yangu, yeye hakuwa anakula.

"Firdaus, wewe si ulitoka tu kwa folda ukaenda?"

"Unaniuliza kama Madam Idah au kama Wamboi?"

"Kama Wamboi, wee!"

"Basi sikiliza. Mimi siwezi kuthibitisha kitu sijafanya. Ninathibitisha na nini? Nilikuwa na ufunguo, nilikuwa ndani, dadangu anapamba maharusi. Hata mimi ningejifuta kazi." Akachukua kipande cha chapati yangu hata bila kuomba. "Mamangu ameanza kuniambia nisijali. Akianza hivyo ujue anajali sana."

Firdaus ndiye analipia wadogo wake shule, hiyo unajua. Lakini si hiyo ilinikaa. Ni ile "hata mimi ningejifuta kazi." Nilienda nayo nyumbani, ndio hiyo siku uliniuliza kama nimekosana na mtu.

Basi jana, Jumatano, nikaingia mapema. Nikajiambia, kama si Firdaus, kuna kitu kingine kilitembea saa nne na dakika kumi na mbili. Seva inaandika kila kitu, inaitwa logi, mistari na mistari, hakuna mtu huisoma. Nikaisoma. Nikashuka na kidole mpaka Jumatatu, saa nne, dakika kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Na hapo kulikuwa na skripti moja tu imeitwa. Moja! Si ya Madam Idah. Ya Mzee Kang'ethe.

Mzee Kang'ethe unamjua, yule wa ofisi ya nyumba hapo Ruiru, anapangisha Kiuu, Githurai, sasa anatafutia watu mpaka Membley huko kunajengwa. Biashara yake inaitwa Mahali Pema. Usicheke, nilimwambia! Nilimwambia mzee, hiyo ni jina ya matanga, akaniambia mahali pema ni mahali pema, mtu aliye hai pia anataka. Yeye ndiye alitaka ka batani kwa ukurasa, kitufe tu, ili kila Jumatatu akikabonyeza, orodha ya nyumba za zamani inafutwa na mpya inaingia. Mimi ndiye nilimtengenezea hiyo skripti. Mwezi wa tano, kwa simu. Jumatatu hii ndio alikabonyeza mara ya kwanza, na nikaona kwa logi laini ilikatika katikati. Kwa hivyo ile kazi ya kufuta ilifanyika, ile ya kuandika haikufanyika.

Nikasema sawa, lakini inafuta orodha ya nyumba. Ya nyumba! Hiyo inahusiana aje na maharusi? Nikafungua skripti, nikaisoma mstari kwa mstari, sikuona kosa. Nikaisoma tena. Iko sawa. Firdaus akaingia, akaweka kibeti chake, akaniona nimekunja uso.

"Unasoma nini?"

"Ka skripti ka Mzee Kang'ethe. Kako sawa kabisa. Kanaenda kwa folda ya mahali, kanafungua orodha, kanafuta, kanaandika."

"Kanaenda wapi?"

"Kwa mahali."

"Sema tena."

"Mahali! Kwani we ni kiziwi?"

Firdaus akakuja nyuma yangu, akainama, akaweka ukucha kwa skrini.

"Wamboi. Soma na macho, usisome na mdomo."

Nikaangalia pale ukucha uko. Em, ei, eich, ei, ar, ai.

Mahari.

 Si unakumbuka vile Firdaus hunicheka kila siku, ati mimi nikinunua mchele naletewa mchere, ati siku nitaenda kupiga kula? Wewe pia unafanya hivyo, usijifanye! Sisi wote tumekua tukisema tu, na mtu anaelewa, kwa sababu nani atachanganya nyumba na ng'ombe za wakwe? Mzee Kang'ethe alinipigia akasema "folda yangu ni mahari," na mimi nikasikia mahali kwa roho, na mikono ikaandika vile sikio limesikia. Wakikuyu wawili kwa simu, na hakuna hata mmoja alijua kuna kitu kimeenda vibaya.

Na si hiyo tu. Kwa vile mimi hutumia skripti moja kwa wateja wote nabadilisha tu jina la folda, faili za wote zinaitwa orodha. Kwa hivyo kale kaskripti kakaenda kwa rumu ya Madam Idah, kakapata mlango uko saba tatu, kakapata orodha, kakafuta. Na kwa vile kanatembea na jina la nobody, hakuna mtu angekauliza unaenda wapi, hiyo si ya kwenu.

Firdaus alikuwa bado amesimama nyuma yangu. Nikangoja anipigie kelele. Afadhali angenipigia.

"Mwezi wa tano," nikasema. "Ni mimi niliandika."

"Naona."

"Firdaus, sikujua."

"Hiyo pia naona." Akaenda kwa meza yake, akavuta kiti. "Mimi sitamwambia Githae. Nikimwambia mimi, nitakuwa msichana aliyetafuta wa kumtupia lawama. Wewe ndiye utamwambia. Ama usimwambie, ni juu yako."

Na akaanza kutaipu. Ati juu yangu!

Nitakuambia kitu na usiniangalie hivyo. Nilikaa kama dakika kumi. Niliwaza, naweza kubadilisha hiyo herufi sasa hivi. R inakuwa L, sekunde moja, na hakuna mtu atajua milele. Na Firdaus hangesema, namjua. Kidole kilikuwa kwa kibodi. Halafu nikasikia vile anataipu, ile taipu yake ya kuangalia dirisha, nikasimama.

Githae alikuwa anasoma gazeti. Nikamwambia yote, na logi nimeiprinti, nikamwekea juu ya habari za michezo. Nikamwambia wateja wawili, mahali na mahari. Akanisikiza mpaka mwisho. Halafu akafanya kitu cha ajabu, akajaribu mwenyewe. Akasema polepole, kama mtoto wa nasari, "Ma-ha-ri. Ma-ha-ri." Zote mbili zikatoka na r.

"Kumbe," akasema.

"Ndio, Mr. Githae."

"Na milango? Nani alisema milango iachwe wazi?"

Nikaanza kupanga karatasi za logi. 

"Ni mimi nilisema," akasema mwenyewe. "Mpigie saba tatu. Nimesema hiyo mara ngapi kwa hii ofisi? Herufi ni yako, lakini mlango ni wangu." Akakunja gazeti. "Mwite Firdaus."

Akamwomba msamaha, Maggie. Mwanaume wa miaka hamsini, alisimama, akasema "Firdaus, nimekukosea, hakuna barua." Mimi nikadhani imeisha, nikataka hata kupiga makofi. Firdaus akasema asante. Halafu akasema,

"Lakini nina ombi."

"Sema."

"Nataka kila mlango ufungwe. Hata kwangu. Hizo paswadi za wateja, kila mtu akae na yake, zisikae kwa droo yangu. Na hizo skripti zisiweze kuingia pale si pao. Kesho kitu kikipotea tena nataka mtu akiniuliza, nisiseme sikufanya. Niseme siwezi."

Githae akaniangalia mimi. "Inawezekana?"

Na inawezekana! Hiyo ndio inaniuma. Kuna kitu iko ndani ya programu ya seva yenyewe, imekuwa huko miaka miwili na zaidi, sisi tumeizima tu kwa sababu ni kazi nyingi. Ukiiwasha, hakuna tena nobody. Skripti ya Madam Idah inafanya kazi na jina la Madam Idah, ya Mzee Kang'ethe na jina lake. Keateka ameachishwa, kila mpangaji anajibebea, na akigusa mlango wa jirani anarudishwa. Na hiyo kitu ni kali! Ikiona folda iko saba tatu, inakataa kabisa hata kufanya kazi. Inasema kwanza funga nyumba yako.

Basi leo ndio tumefanya. Tangu asubuhi, mimi na Firdaus, folda moja baada ya ingine. Yeye anasoma jina kwa orodha, mimi nafunga. Na amekataa nisome mimi! "Wewe na majina, hapana, wewe kaa na nambari." Saa tano tukaiwasha, na Maggie, simu zikaanza. Zote! Skripti tisa zimekataa kwa mara moja. Kanisa ya kwanza ikapiga, halafu ile ya pili, wote wanauliza kwani wale wengine wamewafanyia nini. Yule wa udereva akasema tumeua biashara. Juzi Githae angesema saba tatu. Leo anainua simu anasema, "Nipe nusu saa, ndugu, tunakuwekea kufuli." Hata hakugusa gazeti. Na kila moja ilikuwa kitu kidogo tu, faili iliachwa wazi, ama skripti imeandikwa kwa jina la mtu mwingine. Mpaka saa tisa zote zilikuwa zinafanya kazi, na kila mteja amepigiwa simu achague paswadi yake mwenyewe. Firdaus akachukua kile kijitabu cha paswadi cha kwa droo, akakirarua karatasi kwa karatasi, taratibu, kama mtu anachambua maharagwe.

Halafu akasema, "Sasa jaribu kosa lako."

"Aje?"

"Lile kosa. Si bado liko?"

Kweli, nilikuwa sijalibadilisha. Ile skripti ya Mzee Kang'ethe bado ilikuwa na mahari ndani. Githae akakuja akasimama. Tukaweka kopi ya orodha ya Madam Idah kando, kwa sababu mimi sasa siamini hata kivuli changu. Nikampa Firdaus kiti.

"Bonyeza wewe."

Akabonyeza. Tukangoja. Skrini ikaandika mstari mmoja, umekataliwa, na faili ya Madam Idah ikakaa vile ilikuwa, majina thelathini na nane, hakuna hata moja limetikisika. Firdaus akabonyeza tena. Ikakataa tena. Akabonyeza kama mara sita, kila saa anakataliwa, na kila akikataliwa anacheka, hadi Githae akasema wacha kuchosha mashine ya wenyewe.

Mara ya kwanza tangu Jumanne nilimsikia akicheka.

Sasa imebaki Madam Idah. Githae alimpigia simu hapo jioni, mimi nikiwa nimesimama karibu. Akamweleza.  Halafu tukasikia, kwa sababu anaongea na sauti ya mkutano,

"Kwa hivyo maharusi wangu wamefutwa na vyumba vya Kang'ethe?"

"Ni hivyo, madam."

"Na mimi nimemwita msichana wa watu mwizi."

"Hukusema hilo neno, madam."

"Githae, usinisaidie. Nilisema basi. Mlete kesho dukani kwangu. Na huyo wa herufi pia."

Huyo wa herufi ndio mimi! Firdaus mwanzo alikataa, ati kama anataka kuomba msamaha, Thika anaijua. Halafu akafikiri, akasema ataenda, lakini Madam Idah aseme hapo mbele ya wafanyakazi wake, si kwa kona. Ijumaa asubuhi, ndio arudi kabla ya swala. Na amenipa kazi, mimi ndiye nitaeleza, na kila nikifika kwa lile neno niseme mara mbili, yeye atakuwa ananiangalia mdomo.

Wacha kunisukuma, sijui atasema nini! Nitajulia wapi? Na ya Mzee Kang'ethe hata sijaanza, vile nilimpigia kumwambia jina la folda yake, akaniuliza tofauti iko wapi, tukakaa kwa simu dakika kumi na tano tukirudiana. Hiyo ni ndefu, na sima inaungua. Geuza kwanza. Kesho nikitoka kwa Madam Idah nakuja moja kwa moja hapa, nitakueleza zote mbili.